Choo Kimoja, Wakwe Wawili

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kumwambia mtu kazi niliyokuwa nikifanya. Kwenye harusi za Malindi, wanawake wakikaa mikekani kuulizana habari za watoto, huyu husema wangu mwalimu, yule husema wangu yuko benki. Mama akiulizwa, "Na Zuhura je?" hujibu, "Zuhura yuko serikalini, mambo ya ujenzi." Hakusema uongo. Nilijenga kweli. Nilijenga vyoo, kutoka Magarini hadi Kaloleni, miaka yote ya utumishi wangu. Ninyi wajukuu zangu mnaoanza kazi ya afya sasa, mkipita vijiji vile mkamuulizia Bi Zuhura, hakuna atakayemjua. Muulizieni Mama Choo, mtaletewa viti.

Nimestaafu, magoti yamekataa pikipiki. Juzi binti mmoja wenu alikuja kunisalimia, akaniuliza kama kazi ile ugumu wake ni kuchimba au kuwashawishi watu. Nikamwambia ugumu wa kwanza ni kulitamka neno lenyewe. Alicheka, akadhani namtania, na mimi nilikuwa nasema kweli.

Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo hata chooni hakutajwi. Mtu "alikwenda msalani", na alikwenda kimya kimya, kama anayetoroka. Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Mzee Kitsao, Mgiriama wa Kaloleni, mwembamba kama ufito, aliyekuwa akipima mashimo ya vyoo tangu mimi sijajua kusoma. Alinipakia kwenye pikipiki, tukaenda mpaka katikati ya mashamba ya mihogo, akasimamisha.

"Sema, tunatafuta nini huku?" akaniuliza.

"Tunachunguza usafi wa mazingira."

"Sema tena."

"Kinyesi," nikasema, nikiangalia ardhi.

"Hicho ni cha vitabuni. Mtu akikikanyaga, husema amekanyaga nini?"

Nilitazama huku na huku kana kwamba mama yangu amejificha nyuma ya mihogo, kisha nikanong'ona: "Mavi."

"Sikusikia. Na yule mbuzi pale hakusikia."

Nikasema kwa sauti. Akatikisa kichwa. Mara ya tatu nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Mavi!" na kutoka ng'ambo ya shamba sauti ya mwanamke ikaitikia kwa wasiwasi, "Wapi?"

Mzee Kitsao hakucheka. Aliwasha pikipiki, akaniambia nipande. Njiani ndipo nilipohisi mgongo wake unatikisika, nikajua anacheka peke yake huko mbele. Baadaye akanieleza: jambo baya ukilipa jina zuri, watu hawataliona baya. Mwite chui kwa jina la chui, watu watafunga milango. Hilo lichukueni, hata kama mama zenu watawaambia majirani kwamba mko kwenye ujenzi.

Somo lake la pili nililipata nikiwa ndani ya shimo. Vitabu vilituonyesha shimo la pembe nne, limenyooka kama sanduku, na mimi nilikuwa na utepe mpya wa kupimia na hamu kubwa ya kuonekana mjuzi. Ardhi ya Magarini kwa sehemu kubwa ni mchanga. Nilisimama ukingoni mbele ya wanaume wapatao ishirini, nikiwaeleza jinsi kona zinavyopaswa kunyooka, na kona niliyosimamia ikaniacha. Nilishuka wima, na buibui langu likapanda juu kama mwavuli. Nilipofika chini mchanga ulikuwa umenifika kiunoni na utepe bado uko mkononi. Kichwa cha Mzee Kitsao kikachungulia.

"Basi kwa kuwa ushafika," akasema, "pima kina."

Nilipima. Kilipungua. Ndipo akawafundisha wale wanaume, na mimi nikiwa mfano, kwamba kwenye mchanga usichimbe pembe nne. Chimba duara. Mchanga unasukuma kutoka kila upande, na duara hujibana lenyewe, lakini kona ndiyo huanguka. Kisha suka tenga kubwa la fito, refu kama mtu, ulishushe kadiri unavyochimba, likae kama ukuta. Sasa hivi kuna mabomba ya zege, najua, na mapipa ya plastiki. Lakini mkifika mahali ambapo hayo hayafiki, kumbukeni tenga. Na msisimame ukingoni na buibui.

Hayo yote ni utangulizi. Kisa chenyewe ni cha kijiji nitakachokiita Mikanjuni, ndani ya Magarini, kaya chache zilizotawanyika katikati ya mikorosho, na kisima kimoja kule bondeni. Kila mvua zikianza, watoto wa pale walihara. Sababu haikutaka darubini. Hapakuwa na choo hata kimoja, watu wote walikwenda kichakani juu ya kilima, na mvua ikinyesha juu ya kilima maji huelekea bondeni, na bondeni ndiko kwenye kisima.

Nilikwenda kufanya kikao. Wakati huo Mzee Kitsao alikuwa amenipa vijiji vyangu mwenyewe. Tulikaa nyumbani kwa Mzee Karisa, mtu mzima, mpole, mwenye kofia nyeupe, sikuwahi kumwona bila hiyo. Mkewe watu walimwita Hawe Dama, ndiyo kusema Bibi Dama kwa lugha yao, mwanamke mfupi mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo. Waliishi na mkaza mwana wao, Sidi, ambaye mumewe alifanya kazi Mtwapa akija mwisho wa mwezi, na mtoto wa Sidi, Kahindi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia.

Nikafanya lile onyesho mnalolijua. Nilimimina maji safi kwenye gilasi, nikauliza nani atakunywa. Mzee Karisa akanywa kidogo, akasema ni mazuri. Kisha nikachukua jani la nyasi, nikaligusisha kwenye mavi tuliyoyakuta hatua chache tu kutoka pale, nikalichovya ndani ya maji. Maji hayakubadilika rangi. "Nani atakunywa sasa?" Hakuna. Nikawaambia nzi ana miguu sita, kila mguu ni kama jani hili, na nzi hatui kwenye gilasi yangu, hutua kwenye sima yenu. Nyuso zikakunjamana, na mimi moyoni nikajipongeza.

Mzee mmoja akauliza swali. Nikaiweka gilasi juu ya meza, nikageuka kumjibu.

Wakati huohuo ikaingia pikipiki. Alikuwa bosi mkubwa kutoka mjini, ambaye alisema angekuja kuona kazi na sisi tukakata tamaa ya kumwona. Alikuwa amejaa vumbi jekundu hadi kope. Alisalimia watu kwa heshima, akaja mpaka mezani, akaiona gilasi, akasema, "Asanteni sana kwa ukarimu," akainywa yote mpaka tone la mwisho.

Wajukuu zangu, nimewahi kuona vimya vingi, lakini kile kilikuwa kingine. Hata kuku walinyamaza. Bosi akaiweka gilasi, akapangusa mdomo, akatutazama. Ndipo Hawe Dama akauliza taratibu, kwa adabu zote, "Baba, ni matamu?"

Basi. Watu walianguka. Wanaume wazima walishikana mabega wakilia kwa kicheko, wanawake walijifunika leso, mzee wa swali aliteleza kwenye kiti. Bosi akacheka kidogo naye, kwa kuwa ni mtu wa watu, kisha akauliza tunacheka nini. Wote wakanigeukia mimi.

Nilimwambia. Sikumbuki kwa maneno gani. Nakumbuka tu rangi yake ilivyobadilika, akashika tumbo, ingawa hakukuwa na chochote ambacho kingeweza kumfika tumboni upesi vile isipokuwa hofu.

"Choo kiko wapi?" akauliza.

Kicheko kikakatika. Watu wakatazamana. Hawe Dama akanyoosha mkono kuelekea kilimani. "Sisi sote huenda kule, baba. Karibu."

Akaenda. Kijiji kizima kilimtazama mtu mwenye suruali ya kupigwa pasi akipanda kilima, akisukuma miiba kwa bahasha ya serikali. Hakuumwa, alhamdulillahi, na barua ya onyo niliyoandikiwa wiki ile nimeihifadhi hadi leo. Lakini Mikanjuni jambo lilitokea ambalo onyesho langu lisingelileta. Mzee Karisa aliona aibu. Mgeni aliingia kwake, akaomba kitu kidogo kama hicho, na yeye hakuwa nacho. Kesho yake alianza kuchimba. Kabla mwezi haujaisha, kila nyumba ilikuwa na choo. Duara, tenga, sakafu, kuta za udongo, paa la makuti. Niliandika ripoti kwa furaha. Mikanjuni, vyoo vyote tayari.

Mvua zikaja, na watoto wakahara kama kawaida.

Sikuelewa. Nikaenda bila taarifa, asubuhi, nikaanzia kwa Mzee Karisa. Choo chake kilikuwa kizuri kuliko vyote, kimefagiliwa, kimepakwa chokaa. Mlangoni palikuwa na utando wa buibui, yule mdudu, si vazi langu, umesukwa kutoka mwimo hadi mwimo. Ndani, kwenye kona, kuku alikuwa anaatamia mayai. Alinitazama kwa hasira, kama mwenye nyumba anayebishiwa hodi alfajiri.

"Mzee, hiki choo hamkitumii?"

"Ni cha wageni," akasema Mzee Karisa. "Tunakitunza."

Kabla sijamjibu nikasikia Sidi akiniita nyuma ya nyumba. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Nilimkuta amemlaza Kahindi mapajani. Mtoto alikuwa akihara tangu jana yake. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na yule mtoto wa kukimbia alikuwa amelegea kama nguo mbichi. Nilimfinya ngozi ya tumbo taratibu, nikaiachia, nayo ikabaki imejikunja, ikarudi polepole mno. Hapo utani wote ulinitoka. Nilikuwa na pakiti za chumvi na sukari kwenye mkoba. Tukachanganya na maji yaliyochemshwa, Hawe Dama akashika kijiko, na mimi nikampigia simu mtu wa bodaboda. Kijiko kimoja, subiri. Kijiko kimoja, subiri. Akitapika, ngojea kidogo, uanze tena. Mtoto akikataa usikate tamaa, kijiko kidogo ndiyo dawa yenyewe. Tulimpa hivyo mpaka pikipiki ilipofika, tukampa hivyo njia nzima, Sidi amempakata na mimi nyuma yake nimeshika kikombe, maji nusu yakinimwagikia.

Kwenye zahanati muuguzi akamwekea maji ya mshipa. Tukakaa kwenye benchi nje, tukingoja. Jua lilipoanza kushuka, kutoka ndani tukasikia Kahindi analia kwa nguvu, anataka sindano itolewe. Sidi akafumba macho. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Ndipo nikamuuliza. Kwa nini, Sidi, na choo kipo?

Alinitazama muda, kama anayepima kama mimi ni mtu mzima au mtoto. "Bi Zuhura," akasema, "wewe unaweza kukaa pale alipokaa baba mkwe wako?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikahisi uso wangu unawaka. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa mtu wa kofia iliyotariziwa na tasbihi.

"Siwezi," akaendelea Sidi. "Na yeye hawezi kukaa nilipokaa mimi. Kwetu ni mwiko, ni kuvunjiana heshima. Mama mkwe anamfuata mumewe, hatumii ninakotumia mimi. Choo ni kimoja. Nikikitumia mimi, wao hawakitumii. Wakikitumia wao, mimi sikitumii. Basi tumeheshimiana, tumemwachia kuku."

Akacheka, huku machozi ya mchana bado hayajakauka, akanisimulia lililotokea. Kwa vile wote wawili walikwenda kichakani, kila mmoja alitafuta mahali pa mbali ambapo mwenziwe hawezi kufika. Na wote wawili, kwa akili zao nzuri, wakachagua kichaka kilekile. Siku moja Sidi aliinua kichwa akaona, juu ya majani, kofia nyeupe. Kofia nayo ikaona leso. Sidi alikimbia upande huu, kofia ikakimbia upande ule, na kwa wiki mbili Mzee Karisa alikula chakula chake chumbani, amegeukia ukuta.

Nilicheka mpaka muuguzi akatoka kutunyamazisha. Lakini ndani nilikuwa naona haya. Nilikuwa nimekwenda kijijini pale mara ngapi, nimepima mashimo, nimehesabu sakafu, na sikuwahi kumuuliza mtu anayeishi mle swali hata moja ambalo jibu lake sikuwa nalo tayari.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kitsao. "Wewe ni Mgiriama. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Akachota ugoro. "Umekuja kwangu mara nyingi. Umeona nina vyoo viwili. Ulidhani ni utajiri?"

Sasa mtadhani nilijifunza. Sikujifunza. Niliitisha mkutano Mikanjuni, nikasimama katikati, nikasema kwa sauti ileile niliyofundishwa kwenye mihogo kwamba najua tatizo ni baba wakwe na wakaza wana, na hebu tulizungumze waziwazi. Mzee mmoja akasimama, akasema mbuzi wake wamefunguka. Mwingine akasema anakwenda kumsaidia. Wanawake wakakumbuka sima motoni, ingawa ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikabaki na kuku na Hawe Dama.

"Mwanangu," akaniambia, akikunja mkeka, "lile neno lako jingine tulicheka nalo. Hili la mkwe halisemwi. Hufanywa."

"Hufanywa vipi, Hawe?"

"Nenda nyumbani. Usije mpaka Jumatatu."

Jumatatu nilipokuja, nilimkuta Mzee Karisa nyuma kabisa ya boma, mbali na nyumba yake, yuko ndani ya shimo hadi kifuani. Duara safi. Tenga limeshasukwa, limelala pembeni. Nilifurahi nikataka kupiga vigelegele, lakini nilikuwa nimeanza kupata akili.

"Shikamoo, mzee. Unachimba nini?"

"Marahaba. Nachimba shimo la mgomba."

"La mgomba?"

"La mgomba."

Nilitazama kina. "Mgomba hautaki zaidi ya magoti, mzee."

"Huu," akasema, akitupa koleo la mchanga karibu na miguu yangu, "una mizizi mirefu."

Nikamwacha. Wiki iliyofuata kulikuwa na kuta za makuti kuzunguka shimo, ili mbuzi wasile mgomba. Baada ya hapo kukawa na paa, ili jua lisiuchome. Mlango ulitazama upande wa mashamba, si upande wa nyumba ya mzee, kwa sababu, alisema, mgomba hupenda upepo wa huko. Kisha akanivuta kando, akakohoa, akaniuliza akitazama mawingu: "Zile sakafu zenu za zege, zenye tundu. Zinafaa kufunika mgomba?"

"Zinafaa sana, mzee. Migomba mingi huku inafunikwa hivyo."

"Basi niletee."

Niliileta mwenyewe, imefungwa nyuma ya pikipiki, na nikaambiwa niiache chini ya mkorosho. Nani aliyeiingiza ndani sikuona. Siku chache baadaye Hawe Dama akatundika kibuyu chirizi nje ya mlango, kile kidumu chenye kamba ya kukanyaga kwa mguu ili maji yatoke bila kukishika, na kipande cha sabuni kwenye uzi. Hakumwambia mtu kitu. Sidi naye hakuambiwa kitu. Siku moja tu alichukua njia ya kule nyuma, akarudi akinawa mikono, na Mzee Karisa, aliyekuwa ameketi barazani, akageukia upande mwingine, akaanza kuchunguza kwa makini sana mkorosho ambao ameuona tangu utoto wake. Siku hiyohiyo kuku alifukuzwa kwenye choo cha kwanza.

Habari ikaenea bila kusemwa. Ukipita Mikanjuni mwezi ule ungesema watu wamepatwa na wazimu wa ndizi. Kila boma wazee walikuwa mashimoni. Nikiwauliza, mmoja alikuwa anachimba shimo la mgomba, mwingine la mpapai, na mmoja asiye na ubunifu akaniambia anachimba "kama Karisa". Mimi nilibeba sakafu za zege mpaka keria ya pikipiki ikapinda.

Mvua mbili zikapita. Ndipo ikaja siku ya ukaguzi, wa kuthibitisha kwamba kijiji kimeacha kwenda kichakani, na mkaguzi alitoka kaunti ndogo nyingine, ndivyo kanuni ilivyotaka, asiyetujua wala tusiyemjua. Alikuwa kijana safi, mwenye simu kubwa ambamo aliandikia majibu. Kila choo lazima kiwe na mwenyewe, na mwenyewe akiri kwamba anakitumia. Nyumba moja ikishindwa, kijiji kizima kinashindwa. Na mimi nilikatazwa kusema neno. Tukafika kwa Mzee Karisa. Choo cha kwanza, sawa, cha mzee na mkewe, wanakitumia. Kijana akaona paa la pili kule nyuma.

"Na choo kile cha nani, mzee?"

"Choo kipi?"

"Kile pale."

"Lile ni shimo la mgomba."

Kijana akalitazama. "Mgomba uko wapi?"

"Haujaota."

Kijana akanitazama mimi. Nikatazama ardhi. Akamgeukia Sidi, aliyekuwa amesimama na Kahindi ubavuni. "Dada, wewe hutumia choo kipi?" Sidi akajifunika leso mpaka puani. "Sijui," akasema, "muulize mama," akaingia ndani. Nikamwona kijana anabonyeza simu, na nikajua anabonyeza nini. Mtu mmoja, hatumii choo. Miaka miwili yote, vijiko vyote vya Kahindi, sakafu zote zile, zilikuwa zinaanguka mbele yangu kwa kidole kimoja. Nikifungua mdomo, nimevunja kanuni ya kazi, na nimevunja kile ambacho watu hawa walikijenga kwa kukaa kimya.

Hawe Dama akamshika kijana mkono kama mjukuu wake. "Twende," akamwambia. Akampeleka nyuma. Akamwonyesha njia iliyokanyagwa ikang'aa. Akamwonyesha kidumu chenye maji nusu, sabuni iliyoliwa upande, majivu mapya karibu na tundu, hakuna utando wala nzi. Kijana aliona yote, nakiri, si mjinga. Lakini alisimama na simu yake, jasho linamtoka.

"Bibi, nimeona. Lakini hapa inataka jina. Lazima mtu aseme ni chake."

"Mwanangu, hiyo simu yako inataka kujua nini hasa?"

"Kama watu wanatumia vyoo."

"Na kwa nini inataka kujua?"

"Ili watoto wasihare."

"Basi liandike hilo. Mvua mbili zimepita, na katika Mikanjuni hakuna mtoto aliyebebwa kwenda zahanati kwa kuhara. Nenda ukaulize huko. Jina la mtoto wa nyumba hii ni Kahindi. Andika jina lake."

Kijana akarudi kwenye simu yake. Akapiga simu zahanati, akauliza, akasikiliza, akaitikia mara mbili. Kisha akaanza kuandika, taratibu, kwenye sehemu ya chini ya maelezo ambayo sisi sote hudhani hakuna anayeisoma. Kutoka barazani, Mzee Karisa akakohoa. Alikuwa amekaa ametugeuzia mgongo, uso wake kwa mkorosho.

"Mwambieni pia," akasema, "mgomba unaendelea vizuri."

Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, Sidi akaangua kicheko, na kijana, bila kuinua kichwa, akaliandika na hilo.